Mguu wa Tano

Stoo yangu ya magunia, pale Ntyuka,
ilikuwa na panya wawili na mlango usiofunga.
Amoni akaja kuiomba. Kijana mwembamba,
viatu vimeachama midomo,
chuo cha ualimu alikiacha mwaka wa pili, ada ilipokata pumzi.
"Mama Nyendo," akasema, "niazime hii stoo jioni,
niwafundishe kuchora hawa wanaoponda kokoto."

Nikacheka mpaka mwiko ukaniponyoka.
Kuchora?
Mtoto ambaye chakula chake cha mchana ni upepo
umfundishe kuchora sahani?
Wao waliponda mawe, mimi nikaponda wazo lake,
kila mtu na nyundo yake.

Lakini nilimpa. Msiniulize kwa nini.
Labda ni yule mdogo wao, Ndahani,
alivyokaa juu ya tuta la kokoto kama kinda la mwewe,
nyusi nyeupe kwa vumbi, mzee wa miaka minane.
Haongei. Tangu watoke Bahi, mwaka ule mvua iliposahau njia,
hajampa mtu hata shikamoo.

Mkaa nilitoa mimi, vichenga vya chini ya gunia.
Daftari lilikuwa ukuta.
Fundi Malogo akaleta vipande vya vitenge vya kubandika,
msikiti ukatoa jamvi,
Waanglikana wakatoa benchi la miguu mitatu,
tukaliegemeza ukutani, likakaa kwa imani.
Sakalani wa bodaboda, nayemdai wali tangu Pasaka,
akaanza kuleta madumu mawili ya maji kila Alhamisi.
Deni hajalipa. Nimeacha kumdai.
Wengine walitoa maneno tu:
"Mfadhili wao nani?"
"Hakuna."
"Basi haitafika Krismasi."

Siku moja Amoni akaleta udongo wa korongoni,
mwekundu, bado una baridi.
"Finyangeni kitu mnachokikumbuka."
Ashura akafinyanga redio.
Chilewa akamfinyanga mama yake, kichwa laini kama yai,
uso atauweka, alisema, akimwona.
Ndahani akafinyanga ng'ombe
mwenye miguu mitano.

Wenzake wakaangua kicheko.
Nami, na uji wangu wa uwele jikoni,
nilishafungua mdomo: mwanangu, ng'ombe ana...
Amoni akapiga goti kwenye jamvi.
Hakusema umekosea.
Akauliza, kama mtu anayeuliza njia,
"Na huu wa tano, kazi yake nini?"

Kimya. Sufuria ikasemasema peke yake.
Kisha ikatoka sauti kavu, kama bawaba ya mlango uliofungwa siku nyingi:
"Wa kurudia."

Ndipo kaka yake akatueleza habari za Mabaka,
ng'ombe wao wa mwisho,
aliyeuzwa mnada wa Msalato kwa bei ya magunia mawili ya mahindi,
na magunia yenyewe hayakumaliza mwezi.
Miguu minne alikwenda nayo.
Nikageuka kukoroga uji
ambao ulikuwa umeshaiva.

Sitawapamba. Asubuhi bado wanaponda mawe,
lori bado linakuja, Amoni bado anakohoa vumbi la mkaa,
na paa linavuja; heri yetu Dodoma mvua ni mgeni.
Ila Ndahani siku hizi anahesabu ndoo zake kwa sauti,
moja, mbili, mpaka kumi na tisa,
na dalali, aliyezoea kulipa kumi na tano,
anakuna kichwa.

Krismasi imepita mara mbili.

Ng'ombe yuko kwangu, rafu ya juu,
kati ya kopo la chumvi na kandili.
Wateja wanaokula hapa humtazama, huuliza bei.
Huyu hauzwi, nawajibu.
Na hata ungemnunua, baba,
ukamfunga vizuri, ukalala,
alfajiri ungekuta kamba tupu.