Kipimo cha Goti

Futi yangu ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu,
namba zake za mwanzo zimelika kwa vidole.
Usiku, nikishafunga duka, naizungusha gotini:
la kushoto, inchi kumi na nne;
la kulia, wiki ile ya ajali, kumi na sita kasorobo.
Naandika kwenye daftari la wateja
baina ya sare ya mtoto wa Bi Riziki
na suruali ya Haroub, haijalipiwa tangu mfungo tano.

Miaka ishirini na mbili nakanyaga cherehani
hapa hapa Wete, dirisha linatazama ukuta.
Lau mizunguko ya gurudumu lile ingekuwa safari
ningekwisha fika Misri nikarudi,
na kiti changu hakijasogea hata shubiri.
Kisha kijana wa dada'angu akaja na karatasi:
kuogelea, baiskeli, mbio, siku moja, kule Unguja.
"Wanawake wachache, mama mdogo. Andika jina."
Kalamu haikuwapo. Nikaandika kwa chaki ya kitambaa,
nikidhani chaki itafutika.

Haikufutika.

Nguo ya kuogelea nimejishonea kwa mabaki,
mikono mirefu, kofia juu, mfuko mmoja wa ufunguo.
Na miye niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka majini
nilikuwa sijui kuogelea. Cheka.
Nami nilicheka mpaka nikanywa chumvi.
Siku ya tatu chaza wa kwenye mikoko wakanipasua unyayo.
Kijana wa hospitali akanitia nyuzi nne zilizopinda;
nikamwambia ningezishona vizuri zaidi,
akaniambia nitulie.

Goti ni habari ya karafuu.
Mteremko wa Limbani, msimu umeingia,
kandoni mwa barabara majamvi, na mengine juu ya lami.
Baiskeli ya kuazima, breki zake ni za kuombea dua.
Nakata kona, nakuta jamvi la Bi Mchanga.
Ama jamvi ama mtaro.
Nikachagua mtaro, nikapata vyote viwili.
"Karafuu zangu!" ndilo neno lake la kwanza.
La pili: "Karafuu zangu, wee!"
La tatu, ameshainama: "Umevunjika?"
Tukaokota pamoja, punje kwa punje,
ananipangusa damu kwa ncha ya leso
huku jicho likihesabu zilizobaki mtaroni.

Kisigino hakina habari.
Kiliuma tu asubuhi moja, kama deni.
Daktari wa viungo akasema pumzika wiki mbili;
nina sare arubaini, shule zinafunguliwa Jumatatu.
Mama yeye hataki ya daktari:
mafuta ya makonyo, kitambaa cha moto,
na maneno yake juu:
"Mwili wa miaka arubaini na tatu si jora, mwanangu,
ukiuharibu hukati kipande kingine."

Sikumjibu. Nikakanyaga mashine kwa mguu wa kushoto.
Ikakataa, ikarudi nyuma, ikakata uzi,
ikakata tena.
Siku ya tano ikakubali.
Kumbe mguu huu nao ulikuwa hapa muda wote,
umekaa chini ya meza kama mgeni asiyekaribishwa.

Leo nimekwenda yote matatu, nusu ya masafa.
Majini kama chura aliyechelewa.
Kwenye majamvi nimeshuka, nikokote baiskeli,
Bi Mchanga akapunga mkono, "Pita, pita!"
kasogeza lake, upana wa gurudumu moja.
Mbio si mbio: mwendo wa mtu
aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni.
Sijui kama huku ndiko kujiandaa
au ni ukaidi uliopata jina jipya.

Futi usiku huu: kumi na nne na robo tatu.
Ndani ya kiatu nimekuta karafuu moja.
Nimeipangusa, nimeitia mdomoni.
Ulimi umeingia ganzi.
Goti bado linasema.