Kabla ya Mvua, Isevya

Nimeichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
upande mweupe wa mwezi Machi.
Hapa mlango. Hapa ngazi mbili. Hapa bomba
linalotoa maji Jumanne na Ijumaa, likitaka.
Asumini chini ya dirisha la chumba tunacholala,
zinia ukingoni, kwa kuwa hazideki,
na waridi moja tu.
Waridi ni mgeni wa heshima:
humwaliki na wenzake watatu
nawe ndoo zako mbili.

Oktoba hii Tabora imekauka hadi kwenye fizi.
Jembe nikilishusha, ardhi inalirudisha.
Miaka kumi na tisa hapa palikuwa gereji:
Bedfodi za tumbaku, Landrova za misheni,
na Mihayo, mume wangu, chali chini ya matumbo yao,
oili ikidondoka, ikinywewa,
mpaka udongo ukazoea kiu ya namna nyingine.
Nikiuchimba unatoka mweusi,
unanuka safari za watu.

Mama Nsimba kachungulia juu ya michongoma:
“Maua? Hayo utayaunga kwa karanga?”
Nikamwambia, jirani,
tumbo limekula gereji miaka yote hiyo,
acha na macho yaonje.
Akacheka. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
kama nitabakiwa na mbegu.

Nimefukua bolti arobaini na moja,
springi, kifuniko cha redieta,
na spana. Namba kumi na saba.
Ile, jamani, ile
iliyomfukuzisha kazi Luhende mwaka ule wa ukame,
ikisemwa kaiiba, kaiuza stesheni.
Nimeisugua kwa mafuta ya taa, nimeiweka mezani.
Mihayo aliitazama mpaka chai ikapoa.
Tangu kiharusi, maneno yake huja kwa miguu.
Siku ile hayakufika.

Luhende ana ng'ombe sasa, kule Malolo.
Nilimtumia ujumbe: nataka samadi, mikokoteni mitatu.
Habari ya spana sikuitia.
Alileta minne.
Alishuka, akamwamkia mzee, akashika koleo
kama mtu ambaye hakuwahi kutukanwa katika ua huu.

Mihayo ndiye aliyenyoosha mkono,
ule mzima, spana ndani yake.
Luhende akaipokea, akaipima kiganjani.
“Kumi na saba,” akasema. Basi.
Nami nilikuwa nimejiandaa kulia
nikakosa nafasi,
maana alishapiga magoti, ameikita ardhini,
anafunga kamba:
“Mama, si ulitaka kigingi?”

Upande wa pili wa kamba akashika Mihayo, kitini,
kwa mkono ule mbaya.
Nilimwambia ubadilishe, akakataa.
Mkono ukatetemeka, kamba ikatetemeka,
na jivu nililolimwaga kuifuata
likaenda kama njia ya konokono.
“Tunyooshe?” Luhende akauliza.
Nikachukua kalenda yangu,
nikaufuta mstari wa rula,
nikachora huu.

Bado kazi. Bado kung'oa huo weusi
kina cha futi moja, kuutoa kwa karai,
kuchanganya samadi na mchanga na majani makavu,
kumwagia maji machafu ya vyombo, kusubiri.
Bado mchwa, ambao hawajawahi kukosa mwaliko.
Mbegu ziko ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati,
mbali na panya na mbali na haraka yangu.
Mawingu yanapita upande wa Sikonge, hayageuki.

Jana jioni Mihayo alinivuta kanga.
Akaonyesha kwa kidole pale kati,
pale alipokuwa akimwaga oili chafu kila Jumamosi,
pasipoota hata ndago.
“Wa,” akasema. Nikangoja. “Waridi.”

Hapo hapaoti kitu, baba.

Akaonyesha tena.

Haya. Nimepatia alama.
Hapo nitachimba futi mbili.