Mizunguko Kumi na Minne

Bibi Drahomíra aliileta ndani ya soksi ya sufu,
kamera ya babake, ya milimita nane, ya kutia ufunguo.
Theluji ya Olomouc ilimfuata hadi kwenye zulia langu.
"Imekwama," akasema. "Tangu mwaka wa sitini na tisa."
Akaandika namba ya simu nyuma ya tikiti ya tramu.
Hakuketi.

Niliitikisa karibu na sikio
kama mtu anayepima yai viza.
Hakuna kilichocheza ndani.
Nikajaribu ufunguo: haukukubali hata nusu ya jino.
Nikajua imejaa.
Mtu aliikaza hadi mwisho, akaiweka chini,
akaenda zake.

Otakar, aliyenifundisha kazi, alikuwa na jicho moja.
La pili lilikwenda na kamani ya gramafoni.
"Usifungue kasha kabla hujalipa deni," alikuwa akisema.
"Chuma kina kinyongo kuliko mkwe."

Kwa hiyo nikapiga simu. Nikaeleza:
humo ndani mna nguvu za mkono wa babako,
mizunguko kumi na minne, haikutumika hata mmoja.
Siwezi kutengeneza bila kuzimwaga.
Wapo wateja wanaopenda kuwepo.

Upande wake birika lilikuwa likipiga mluzi.
Likaondolewa motoni.
"Huo mkono naujua," akasema.
"Umwage wewe. Mimi fungu langu nilishapata."

Sikuwa na la kujibu.
Nikasema nitafuta na lenzi.

Usiku nikavaa glavu ya ngozi, ya kushoto tu.
Kwa sindano ya cherehani nikainua ulimi wa kizuizi,
ufunguo ukaruka kiganjani.
Nusu mzunguko. Nikashika. Nusu tena.
Ulisukuma kama mtu aliye upande wa pili wa mlango.
Nilikusudia kuhesabu tu;
nikajikuta nasema naye:
polepole, bwana. Polepole.
Humu hamna wa kukukimbia.
Wa nane. Wa tisa.
Kufikia wa kumi na mbili ulikuwa dhaifu,
mkono wa mgonjwa anayekataa supu.
Wa kumi na nne sikuuhisi.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kutia aibu:
grisi imeganda, ngumu kama nta ya kiatu,
na ndoano ya ndani ya kamani ina ufa mwembamba kama unywele.
Nikakata ncha. Nikaipasha kwenye moto wa spiriti
mpaka ikawa nyekundu,
huku nimeifunga kitambaa chenye maji hapo nyuma,
maana joto likitambaa, chuma chote hulegea,
na kamani iliyolegea ni utepe tu,
waweza kufungia zawadi.
Nikakunja ndoano mpya.
Nikaosha meno ya magurudumu kwa petroli na mswaki wangu wa zamani.
Kuirudisha kamani kwenye ngoma yake kulichukua saa nzima,
kidole kimoja,
na matusi ambayo mama alidhani siyajui.

Alhamisi akaja.
Nikamwambia: nimekupa ikiwa tupu.
Mimi huwa simkabidhi mtu kamera iliyokazwa.
Akaishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua.
Akatia ufunguo mara tatu, akasita,
akabonyeza.
Ikatembea, tiki-tiki-tiki, mwendo sawa,
ikitazama viatu vyangu, bila filamu.
"Kumbe ina sauti ndogo hivi," akasema.

Akanihesabia koruna mia tisa, noti zilizopigwa pasi.
Soksi akaiacha mezani; sijui alisahau.

Kupitia kioo nikamwona kituoni,
glavu ikining'inia menoni,
akikaza kidogo, akiachia,
akikaza kidogo, akiachia.
Tramu namba nne ikafungua milango, ikangoja, ikafunga.