Sanduku la Arubaini na Moja

Bohari hili lilikuwa la karafuu.
Mpaka leo, jua likipiga bati saa saba mchana,
kuta hutoa jasho la magunia ya zamani,
nami nakaa ndani ya harufu hiyo
na masanduku sitini na mawili ya mawe
yaliyochomolewa chini, kilomita mbili na kitu,
ambako Wete haijulikani, wala bahari.

Vipande vimelala sandukuni kama miwa.
Vyeusi vyote. Mgeni akiingia huona rangi moja,
husema, "Mwambatope," akatoka kuvuta sigara.

Mimi huanza kwa ulimi.
Usinicheke. Ndivyo nilivyofunzwa:
ng'ata kidogo, sikiliza meno.
Likigandia ulimi kama udongo wa wajawazito,
huo ni ufinyanzi.
Likikwaruza kama mchele usiochaguliwa,
hapo pana gumegume, maganda ya vidudu vya bahari
ambavyo jicho halikuwahi kuviona vikiwa hai.
Kisha tone la asidi. Likichemka, chokaa.
Likinyamaza, andika "kimya", songa mbele.

Sanduku la kumi na tisa ni jeusi kupita yote.
Limeshiba. Mwani uliokufa pasipo wa kuula,
tope likauwahi kabla ya kuoza,
joto likaupika miaka isiyo na mhesabu.
Mafuta yamo humo, nakuapia.
Lakini ufinyanzi ni mchoyo asiyegomba:
ukiubana, hujikunja; ukiupasua,
ufa hujifumba nyuma yako
kama tope la mikokoni baada ya mguu.
Mficha uchi hazai.

La thelathini, gumegume tupu.
Nyundo moja tu, nyufa zinakimbia
kama kioo cha kabati la bi harusi.
Njia tele, na msafiri hakuna.

Baba yangu, Shaame Mkasha, alichochea moto
kiwanda cha makonyo miaka ishirini na miwili.
Akirudi, shati lake likituwasha macho.
Mvuke ukipungua, alisema, konyo hubaki na mafuta yake;
moto ukizidi, unabaki na moshi na lawama.
Siku moja nilimwonyesha mchoro wangu wa joto na kina:
"Baba, ungefungua koki wapi?"
Akaweka kidole, akashuka kidogo mno.
"Hapo ni gesi tayari," nikamwambia, nikacheka.
Alininunia mpaka magharibi.

Halafu hili, la arubaini na moja.
Nilipolilowesha maji ndipo lilipojitoa:
tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama kucha,
kama chapati iliyokunjwa kwa samli,
jeusi, kijivu, jeusi, kijivu,
ufinyanzi ulioshiba, kisha chokaa inayovunjika,
anayezaa na anayepokea, ukuta kwa ukuta.
Nikavuta kiti. Nikasahau chai.
Urefu wake wote, mita nne.
Mita nne, katika mia moja na themanini.

Bwana Nassor akapiga simu kutoka Unguja.
"Raya, sina muda wa hadithi, nipe wastani."
Wastani! Mchukue aliyeshiba na mwenye njaa,
wajumlishe, wagawe kwa mbili,
utapata wawili waliokula nusu,
na mmoja wao atakufa usiku huohuo.
Sikumwambia hivyo. Nilisema, "Kesho, bwana,"
nikarudi kuhesabu tabaka kwa ncha ya penseli.

Jioni, bombani, Bimize wa Kombo akanishika mkono.
Mwanawe ameshapiga matofali mia nane
kwa nyumba itakayojengwa na mafuta.
Ndoo yake ilikuwa inamwagika, haioni.
"Mwanangu, niambie mimi tu. Yapo, hayapo?"

Nikafungua mdomo nimjibu,
na ulimi, tangu asubuhi,
ulikuwa bado umeganda.