Mkono wa Kushoto

Kipupwe cha Newala hakibishi hodi.
Kinapanda kutoka bonde la Ruvuma alfajiri,
kinapita chini ya mlango, kinakaa kitandani
kama mgeni aliyekuja na mkeka wake.
Saa moja asubuhi ukungu umemeza bendera ya kituo cha afya,
nami nafungua kidirisha cha mapokezi.
Kalamu imegoma. Naisugua viganjani mpaka iandike.
Jina. Umri. Kitongoji. Umekuja na kadi?

Chumba cha pili yuko Osmunda, mkunga.
Kabla hajagusa tumbo la mtu
anakumbatia kikombe cha chai kwa viganja viwili,
anapuliza, anasugua, anasema, "Samahani, mama, baridi hii,"
na mama anaruka hata hivyo,
na aliyemo ndani anapiga teke.
Miaka tisa nimeisikia samahani ile kupitia ukutani.

Basi mwezi wa sita nikanunua sweta la mtumba,
elfu moja mia tano, rangi ya ugoro,
nikalifumua.
Sindano? Nandonde, mume wangu, alichomoa spoku mbili
za baiskeli yake isiyokwenda popote,
akazinoa jiweni, akazipaka mafuta ya nazi.
Uzi ulipopungua nikafumua na sweta la shule la Sharafa,
la kijani, ambalo mikono yake ililikimbia tangu darasa la tano.
Nilifuma kazini foleni ikikatika.
Nilifuma jikoni, ming'oko ikichemka,
moshi ukinitoa machozi nisiyokuwa na sababu nayo.
Nilihesabu vitanzi kama ninavyohesabu watu:
themanini na nne, themanini na tano, huyu amerudi, huyu ameruka.

Nandonde naye alikuwa na dirisha lake.
Kipupwe cha mwaka juzi alisema, "Wiki ijayo."
Mchana anapulizia salfa mikorosho ya watu,
jioni anarudi nyusi za manjano kama kifaranga,
anapima, anakuna kichwa, anapima tena.
Mwishowe akapigilia mbao za kreti,
bawaba moja mpya, moja ya kuokota.
Likafunga. Tuseme likakaribia kufunga.
Ulibaki ufa wa kidole upande wa juu,
na ukungu, mjanja yule, uliujua kabla yetu.

Barua ya uhamisho ilikuja nikiwa kwenye mkono wa pili.
Osmunda anakwenda Lindi mjini.
Lindi! Ambako watu hujipepea kwa kanga mpaka usiku wa manane!
Niliweka spoku chini. Nilicheka, kisha sikucheka.
"Malizia," alisema Nandonde, akikohoa salfa.
"Nguo haiachwi kilema."
Nikamalizia kwa hasira, na hasira haijui kuhesabu:
mkono wa kushoto ukauzidi wa kulia kwa vidole vinne.

Alilivaa palepale mapokezi, mbele ya foleni.
Mkono wa kushoto ukammeza kiganja kizima.
Akaingia chumbani nao umening'inia hivyo,
na mtu wa kwanza alikuwa Esha Mkwachu, mimba ya miezi saba.
Nilitega sikio ukutani, nikingoja samahani.
Nilisikia kiti tu, kikisogea.

Uzi uliobaki, wa kijani, haukutosha hata soksi.
Nandonde aliusokomeza kwenye ufa kwa ncha ya kisu,
akarudi nyuma hatua tatu kuutazama,
mikono kiunoni, kama aliyejenga msikiti.

Jana umeingia ujumbe kwenye simu:
"Huku jasho tupu. Sweta nimeuvalisha mto.
Nalalia upande ule mrefu."
Sijamjibu. Nimeandika mara mbili, nimefuta mara mbili.
Kidirishani pamesimama kijana na koti la baba yake,
anakohoa kwa adabu, kiganja mdomoni.
Jina? Umri?
Kadi anayo, imelowa ukungu, wino umetambaa
kutoka kwenye jina lake hadi kwenye jina la kijiji.
Natoa nyingine. Naisugua kalamu.