Mlango wa Mfongo

Alikuja Jumanne, mguu wa kushoto umefungwa kipande cha khanga:
Ndewirwa wa Uru, miaka arobaini na mmoja,
mzibuaji wa mifongo.
Madoa manne, kama zambarau zilizoanguka zikakanyagwa.
La tano aliliona mwenyewe, kinywani,
akipiga mswaki.

Mimi ni mtu wa hadubini. Nakutana na watu
wakiwa vipande, wamepakwa rangi, chini ya kioo.
Huyu alipanda ngazi mpaka maabara, akauliza:
"Ni nini kinachonila?"

Kirusi, nikamwambia. Zamani sana,
kabla ya Uru kuitwa Uru,
kiliiba jeni kwa mwenye nyumba.
Jeni ya kipokezi: sikio dogo juu ya ngozi ya seli,
linalongoja mjumbe wa kinga aje aseme
kuna kidonda, njooni.
Kikalinakili, vibaya kidogo.
La kwake halingoji mjumbe.
Linasikia hata kukiwa kimya.

"Ni kama kufuli," nikasema, "na ufunguo..."

"Si kufuli." Akachovya kidole kwenye glasi yangu ya maji,
akachora mezani mfongo mkuu, matawi, vihamba.
"Huku kwa kina Lyimo, leo zamu yao.
Baragumu likilia natoa gogo la mgomba na tope,
maji yanapita. Jioni naziba.
Sasa mwizi kajenga mlango wake,
unafanana na wangu mpaka mbwa hawabweki,
ila hauzibiki.
Maji usiku, maji mchana,
yanachimba vijito visivyo na jina.
Migomba inanenepa, watu wanasifu.
Chini, mizizi inaoza."

Nikarudi kwenye hadubini.
Vishipa vimekatiza kila upande,
chembe nyekundu zimemwagika, zimepotea njia.
Vijito visivyo na jina.
Chuoni walinifundisha neno lake, refu,
nikalikariri, nikafaulu.

"Unazibika?"
Nikampa ukweli niliokuwa nao:
vidonge vya kuamsha walinzi, usiruke hata siku moja;
dripu kila wiki tatu;
madoa ya wengine hufifia,
ya wengine hugoma.

Akakaza fundo la khanga.
"Basi dripu iwe Alhamisi.
Jumatano nina zamu ya kina Mosha,
na wale wakikosa maji hawasamehi."

Mezani mchoro ulikuwa ukikauka,
ukianzia kihamba cha mwisho.