Konje ya Siku Tisini

Karatasi ilikuwa na mihuri miwili
na maneno "kwa muda", yamepigiwa mstari.
Tanuri namba tatu linapozwa, walisema,
mtaitwa. Mshahara hautaitwa.
Nikaiweka kofia ya kazi juu ya kabati,
kinywa juu, kama bakuli la mwombaji.

Wiki ya kwanza niliamka saa tisa za usiku
bila kuamshwa,
nikavaa kiatu kimoja ndipo nikakumbuka.
Nilikaa kitandani na kiatu hicho.
Ngosa akasema gizani:
"Kama huna pa kwenda, geukia huku, baridi inaingia."
Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Katuba
haimwulizi mtu kama ana kazi.

Miaka kumi na moja ya zamu ya usiku.
Sikujua kwamba saa nne asubuhi
jua hupenya tundu za mabati
na kumwaga sarafu sakafuni.
Nilizihesabu, tajiri wa saa ile:
kumi na saba.
Mvua ikija, kila sarafu hudai ndoo yake.

Nikapanda na lami. Nikaziba kumi na sita.
Ya kumi na saba Ngosa aliikataza:
ikifika mguu wa meza
ndipo hubandika maji ya bukari.
"Hiyo ni saa yangu," akasema, "waachie mchwa zako."

Basi nikawaendea mchwa.
Kichuguu cha nyuma ya choo,
nilichokitukana kila mwaka,
nilikipiga jembe.
Udongo wake hauna kiburi:
uukande kwa miguu, uupe forma ya mbao,
unasimama.
Kapya, jirani, mwenye karatasi kama yangu,
alinitazama juu ya ua, redio sikioni.
"Unajichosha, ndugu. Watatuita Jumatatu."
Jumatatu alizihesabu yeye.
Mimi nilihesabu matofali.

Mwanangu Mujinga nilikuwa nikimjua
akiwa amelala.
Miaka minane: shavu, blanketi, kisigino.
Sasa aliniletea munkoyo kwenye kopo
na kukanyaga matofali mabichi,
siku ya kwanza moja, siku ya pili moja tena.
Nikafoka.
Alisimama hatua nne kutoka kwangu
akakunja macho kama anayevuta uzi kwenye sindano.
"Baba? Ni wewe?"

Saa sita mchana, jua utosini,
mtoto wangu ananiuliza kama ni mimi.

Mwalimu alikuwa ameandika: mzembe, hanakili ubaoni.
Mama yake alidhani ni haya.
Mimi sikuwa nimedhani lolote;
nilikuwa kazini, au nilikuwa usingizini.

Matofali yale yalikuwa ya chumba cha pili.
Mia sita akayachukua mtu wa Kampemba,
akayapakia huku akilalamika bei.
Pesa zikakaa katika soksi usiku mmoja tu.
Kesho yake tulikwenda mjini, mimi na Mujinga,
akasomeshwa herufi kubwa na ndogo,
akarudi na miwani ya buluu
iliyomzidi uso.

Jioni alikaa kando ya mbabula, akanitazama
kwa muda mrefu,
hata nikaanza kujifuta pua.
"Baba, shingoni una nini?"
"Shaba. Tone moja lilirukia, kabla hujazaliwa."
Akaja, akaligusa kovu kwa kidole kimoja.
"Linafanana na nchi," akasema.
"Ipi?"
"Sijui. Ubaoni sijaifikia."

Simu ililia siku ya sabini na moja.
Kapya alipiga kelele ng'ambo ya ua
kana kwamba yeye ndiye aliyewasha tanuri.
Niliishusha kofia: imejaa mbegu za lengalenga,
Ngosa alikuwa ameipangisha bila kuniuliza.
Tukazihamishia kwenye sufuria iliyotoboka.

Leo naingia zamu ya usiku.
Chumba cha pili ni mistari mitano ya ukuta,
mvua itakikuta hivyo.
Matofali mawili yenye nyayo sikuyauza.
Moja linashikilia mlango.
La pili bado sijalipatia kazi.